Kuku Aliyenisindikiza Jangwani

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa, na hiyo ya kuzaliwa huwa nawakumbusha watu wiki mbili mapema. Nilikuwa nimekaa kwenye mchanga wa Turkana, midomo imepasuka, mkononi nimeshika kifuniko cha jerikeni chenye maji ya kulowesha ulimi tu. Mbele yangu alikuwa kuku mwekundu, mdomo wazi, akiyaangalia hayo maji. Mmoja wetu angekunywa. Nitakuambia ni nani, lakini keti kwanza. Usiwe na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Najua unachowaza. Ati huyu ananiita mwanangu na yeye mwenyewe bado anavaa sare, na wiki jana tu alipigishwa magoti nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Ni kweli. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne hapa Kitale, na ndevu zangu ukizihesabu hutahitaji vidole vya miguu. Lakini kuna watu wamezeeka kwa siku mbili, na mimi ni mmoja wao. Kwa hivyo nisikilize. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzi juzi.

Mambo yalianza na video. Mwaka jana muhula wote wa pili nilikuwa natazama kwenye simu watu wanaovuka majangwa peke yao. Mtu mmoja, hema moja, kikombe cha chuma, jua linazama, muziki unalia. Hakuna mama wa kukutuma sabuni, hakuna kengele. Nikamwambia Barasa, tunayekaa naye dawati moja, kwamba Agosti nitavuka jangwa peke yangu na kulala huko.

Barasa akacheka. "Wewe? Si wewe ndiye ulilia Mlima Elgon juu ya siafu?"

"Walikuwa wengi."

"Na pale Kapsokwony ukashindwa kupanda kilima, ukaitisha boda. Wasichana wakipanda kwa miguu bana."

Mbele ya darasa zima, mwanangu. Baada ya hapo hata ningejua jangwa lina meno ningekwenda.

Njia ilikuwepo. Ndugu ya mama yangu, ambaye sisi humwita Khocha, ni muuguzi kwenye zahanati ya kituo kimoja kidogo ndani kabisa ya Turkana. Kutoka barabara ya lami mpaka kwake ni siku moja nzima ya kutembea. Watu wenye akili huchukua pikipiki. Mimi niliamua kutembea, nilale njiani mara moja, nijipige video, halafu nitokee zahanati kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini.

Shida ilikuwa ruhusa. Hakuna mtu mzima angekubali, kwa hivyo sikumwomba yeyote. Niliwapanga watu wangu kama sahani kabatini. Mama, hapa Kitale, alijua niko Bokoli kwa nyanya yangu. Nyanya, ambaye tunamwita Kukhu, alijua Khocha atanisubiri kwenye lami na pikipiki. Na Khocha nilimwambia kwa simu nitakuja Jumamosi ya wiki inayofuata. Watu watatu, kila mmoja na habari yake, kila mmoja ametulia. Nilijiona mjanja sana. Ningekuwa na ujanja huo kwenye hesabu, saa hii ningekuwa napewa zawadi badala ya adhabu.

Siku ya kuondoka Bokoli, kukiwa bado giza, Kukhu akanifuata mpaka langoni akiwa na kuku kwapani.

"Kukhu, hapana. Naenda mbali."

"Ndiyo maana. Unaenda kwa mwanangu mikono ikining'inia hivyo, watu watasema amezaliwa na nani?"

"Atakufa njiani."

"Huyu? Huyu alimshinda mwewe. Wewe ndiye utakufa kwanza."

Aliyasema hayo akicheka, na kuku akaniangalia kama mtu aliyekubaliana naye. Kwetu Bungoma mtu akienda ugenini na kuku amekwenda na heshima yake yote, hilo hata mimi mtundu siwezi kubishana nalo. Kukhu akamfunga miguu kwa kipande cha gunia, akaniongezea unga kilo mbili na maharagwe makavu kilo moja, kwa sababu alisikia huko hawalimi.

Hapa, mwanangu, ndipo nataka usikilize kwa masikio yote mawili. Sisi watu wa Trans Nzoia na Bungoma tukisikia safari tunafikiria chakula. Maji yatatoka wapi ni swali ambalo hatujawahi kuliuliza. Kwetu maji hukufuata mpaka ndani ya kiatu. Kwa hivyo nilibeba unga, maharagwe, sufuria, na mwiko. Ndiyo, mwiko. Nilibeba hema la skauti wa shule ambalo mwenye ufunguo wa kabati hajui mpaka leo lilikwenda wapi na lilirudi vipi. Na maji nikabeba jerikeni moja ya lita tano, nikaiona nzito.

Nilipanda lori la mahindi Kitale alfajiri. Dereva alinishusha saa sita hivi pale njia ya changarawe inapoachana na lami. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na kibao kimoja na upepo.

"Kijana, anayekuja kukuchukua ako wapi?"

"Mjomba yuko karibu, hapo tu nyuma ya kile kilima."

"Nikae na wewe kidogo?"

"Hapana baba, nendeni tu."

Huo ulikuwa uwongo wa nne na niliusema nikitabasamu. Lori likaenda, nikabaki na kimya ambacho sijawahi kukisikia Kitale. Hata usiku kwetu kuna mbwa, kuna mtu anakohoa, kuna redio ya jirani. Pale hapakuwa na kitu. Sitakudanganya, palikuwa pazuri. Milima ya mbali ilikuwa ya buluu, mchanga umepangwa na upepo kama nguo iliyopigwa pasi vibaya, na mimi natembea katikati kama mwenye mali. Alasiri niliona watoto wawili wakichunga mbuzi. Mmoja akainua mkono. Mimi nikapinda njia nikapita mbali, maana nilikuwa najirekodi nikisema hakuna binadamu yeyote hapa, na watoto na mbuzi wangeniharibia video.

Jioni nikapiga hema na kupika ugali. Ugali ukanywa maji lita moja na zaidi. Nikabandika maharagwe, nayo yakanywa lita nyingine, na yalipokauka nikayaongeza. Nilipochoka kuyangoja, ukitupa moja kwenye jiwe ungesikia kengele. Kabla ya kula nilinawa mikono. Baada ya kula nikanawa tena, kwa sababu nimelelewa vizuri. Halafu, mwanangu, usinicheke sana hapa, nikaloweka sufuria. Ukoko ulikuwa umeshika, na kwa Kukhu ukilala bila kuloweka sufuria utaamka na kelele. Katikati ya jangwa, mimi nikamwaga maji kwenye sufuria ili asubuhi isinisumbue kuosha.

Asubuhi jerikeni ilikuwa na kitu kama lita moja. Kuku alikuwa ameamka mapema, ameyanywa yale ya sufuria na kuudonoa ukoko wote. Yeye ndiye aliyepanga safari yake vizuri.

Bado ningefika. Njia ilikuwa pale, alama za magari zinaonekana, nusu siku tu. Lakini nilipotazama ramani kwenye simu niliona njia imezunguka mbali kama mkono uliokunjwa, na nikasema haiwezekani. Kwetu kila barabara ina mkato. Unapita shamba la fulani, unaruka mfereji, unasalimu watu wakichambua maharagwe, unatokea mbele ya wenzako waliofuata barabara. Nikauacha ule mzunguko nikaingia mchangani moja kwa moja. Sikujua kwamba mkato ni watu. Mkato ni yule mama wa shambani anayekuambia umepotea, rudi pale kwa mti ulioanguka. Mkato usio na mtu wa kuuliza ni kupotea tu.

Simu ikazima saa nne. Chaji yote nilikuwa nimeimaliza kwenye hotuba ya ushindi, na sikuwa nimeshinda bado.

Kuku akawa mzito. Nikamfungua miguu, nikamfunga kamba ya hema mguuni, tukaanza kutembea pamoja. Mwanzoni nilimvuta. Baadaye alitembea mwenyewe, mabawa ameyainua kidogo kama mama aliyebeba vikapu viwili, kila kichaka anasimama kwenye kivuli chake na kunitazama. Nami nikaanza kusimama aliposimama. Saa sita tulipita mahali penye jiwe jeupe lenye umbo la kiti, na nikakumbuka kwamba tulikuwa tumeshapita jiwe jeupe lenye umbo la kiti.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Sikupiga kelele. Watu hufikiri mtu akipotea hupiga kelele. Mimi nilikaa kimya nikaanza kufikiria nani atanitafuta. Nikaanza na Mama. Mama anajua niko Bokoli nakula ndizi. Nikaja kwa Kukhu. Kukhu anajua niko kwa Khocha. Nikaja kwa Khocha, na Khocha ananingoja wiki ijayo, labda hata hajanunua sukari. Nikazunguka watu wangu watatu vile nilivyozunguka lile jiwe, na kila nikirudi nilikuta nimeufunga mlango mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi hata kidogo. Niliifanya kazi hiyo vizuri mno.

Maji yaliyobaki yalijaa kifuniko. Nikakishika. Kuku akanitazama.

Sasa nikuambie aliyekunywa. Tuligawana. Nilichovya ulimi, nikamwekea kifuniko chini akamaliza. Usidhani ni huruma. Katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyejua niko wapi, na niliogopa akifa hatabaki hata mmoja.

Jua lilikuwa limeanza kulegea niliposikia mtu akikohoa. Mzee mmoja alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipo, shuka begani, fimbo, kibuyu kidogo, na kile kigoda cha mkononi cha Waturkana ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Hakunitazama. Alimtazama kuku. Akachuchumaa, akamtazama miguu.

"Ni huyu," akasema.

Nilijaribu kumsalimu, sauti ikatoka kama ya mlango. Akafungua kibuyu, akanipa maziwa yaliyoganda, akakishika kibuyu yeye mwenyewe nisikipindue.

"Kidogo. Kidogo. Ngoja. Sasa kidogo tena." Halafu akauliza, "Nani anajua wewe iko hapa?"

Mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na sita na majibu ya kila kitu. Walimu wamejaribu kuninyamazisha tangu darasa la nne. Nikamwonyesha kuku.

Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda chake. Nikacheka pia, halafu nikajikuta nalia, na akaniacha nilie. Aliponiona nimemaliza, akasimama na kusema twende.

Jina lake ni Mzee Ekiru. Alinipeleka kwenye laga, ndivyo wanavyoita mto usio na maji, mchanga mtupu kati ya kingo mbili. Nilikuwa nimeupita asubuhi nikidhani ni barabara. Akachagua mahali, akachimba kwa mikono mpaka kiwiko kikazama, na maji yakaanza kujikusanya chini polepole, ya rangi ya chai ya shule. Tukangoja yatulie. Na tukingoja, akanikemea. Hakupaza sauti hata mara moja, naye Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno limekaa peke yake.

"Jana watoto yangu ilikuona. Waliinua mkono. Wewe ukapita mbali."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilitaka ionekane niko peke yangu?

"Huku," akasema, "mtu akiona mtu, anasimama. Anauliza: umetoka wapi, unaenda wapi, umeona maji wapi, umeona nini. Anasema yake pia. Kisha unaenda, na habari yako inaenda. Ukichelewa, kuna mtu anasema, yule wa jana hajafika. Sasa wewe hukusalimu. Wewe ulikuwa hakuna."

Akachota maji kwa kipande cha kibuyu, akanipa, akampa na kuku.

"Mimi nilipata mguu yako leo asubuhi. Nikaona, mtu wa mji, kiatu mpya, anazunguka. Hiyo si ajabu, watu wa mji wanazunguka, halafu wanapata njia. Nikataka kwenda kwa mbuzi yangu. Lakini kando yako kuna kitu ya vidole vitatu. Inatembea na wewe kama mbwa. Nimezeeka hapa, hiyo sijaona. Nikasema, hapana, hii lazima nione."

"Kwa hivyo hukunifuata mimi?"

"Wewe?" Akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Wewe nilikuwa nimeshajua ni nini."

Nilitaka kumlipa. Sikuwa na kitu cha maana isipokuwa heshima ya Kukhu, kwa hivyo nikamshika kuku kwa mikono miwili, nikainama vile nilivyofundishwa, nikampa. Kwetu hakuna shukrani kubwa zaidi. Mzee Ekiru akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo ni ndege. Mimi sikuli ndege." Kisha, alipoona uso wangu umeanguka, akaongeza, "Mpeleke kwa wenyewe. Huyo ndiye aliniita."

Kituo kilikuwa upande mwingine kabisa. Ningeendelea na mkato wangu ningekuwa bado natembea mpaka leo. Tulifika jua likiingia. Khocha alikuwa anafunga mlango wa zahanati, akaniona, akamwona Mzee, akamwona kuku kwenye kamba ya hema.

"Si ulisema Jumamosi ijayo?"

Mzee akamweleza. Khocha hakunipiga wala hakunifokea. Alinipima joto, akanipa maji yenye chumvi na sukari, na asubuhi yake akaniongoza nyuma ya tangi la maji kwenye jiwe moja ambalo ukisimama juu yake simu inapata mtandao. Akanipa simu yake. "Mpigie Mama. Kisha mpigie Kukhu. Yote, bila kuruka."

Mama alinifokea mpaka salio likakaribia kuisha, na nilistahili. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Kwa Kukhu ndiko nilikojifunza.

Nilimwambia yote, kwamba Khocha hakuwa kwenye lami, kwamba hakuwa anajua. Nilisikia jogoo wa Bokoli akiwika huko kwake.

"Na kuku?" akauliza.

"Amefika, Kukhu."

"Asante kwa huyo. Jana mchana nilikuwa napalilia. Nikasema, saa hii mtoto na mjomba wake wamekaa, wanakula. Nikaweka jembe chini nikamshukuru Mungu. Kumbe nilikuwa nashukuru kwa kitu hakijafanyika."

"Nisamehe, Kukhu."

"Ungekufa huko, mimi ningekuwa bado nashukuru."

Basi. Akatuma salamu kwa mwanawe, akakata.

Kuku hakuchinjwa. Khocha alisema hawezi kumla shahidi. Yuko kule mpaka sasa, kuku wa kwanza kwenye kituo kizima, na kwa kuwa wenyeji hawana haja na nyama ya ndege, anakaa kwenye foleni ya wagonjwa bila wasiwasi. Desemba Kukhu alituma jogoo, ati si vizuri mtu kukaa peke yake mahali kama pale. Nilimpeleka mimi. Mara hii Mama alijua, Kukhu alijua, Khocha alikuwa kwenye lami na pikipiki, na kila mchungaji tuliyemwona nilimwambia Khocha asimame nimsalimu, mpaka akasema, "Wewe sasa umezidi. Huyo ni mbuzi."

Barasa aliiona ile video. Nimesimama kwenye mchanga, jua limeinama, nasema hakuna binadamu yeyote hapa. Akacheka, nikamwacha. Yeye hajui kwamba hapo nyuma yangu, ukitazama vizuri pembeni, kuna mkono mdogo wa mtoto umeinuliwa.

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Safiri. Nani atakukataza? Hata peke yako nenda, ulale chini ya nyota, zipo kweli na ni nyingi kuliko zile za kwenye simu. Beba maji kabla ya unga, na sufuria iache ichafuke. Lakini kabla ya kufunga mkoba, tafuta mtu mmoja anayekupenda umwambie njia utakayoishika kweli, na siku utakayofika kweli, hata kama atakugombeza. Akikugombeza atakuwa pia anahesabu masaa yako. Ukimdanganya alale vizuri, utakuwa umemwondoa mlangoni mtu pekee ambaye angetoka kukutafuta. Na njiani ukiinuliwa mkono, simama, useme umetoka wapi na unaenda wapi.

Mungu akutangulie kwenye mchanga na kwenye matope. Nyayo zako zisomeke, maji yawe karibu na mkono wako, na anayekushukuria nyumbani awe anashukuru kwa jambo la kweli. Na bibi yako akikufuata langoni na kuku, usibishane naye. Mbebe.